Nyumba Yetu, Kiwanja cha Wenyewe



Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Baada ya hayo, wapenzi wasomaji, makala ya wiki hii ni deni tunalolilipa. Miaka michache iliyopita mtu wa nyumbani kwetu alitujia kutaka shauri juu ya biashara yake, nasi tukampa shauri tuliloliona kuwa la busara. Shauri lile lilimtia katika dhiki. Na kwa kuwa tulilikariri pia mbele ya kina mama wanaohudhuria darsa zetu za alasiri, imetulazimu kulirekebisha hadharani kama tulivyolitoa hadharani.

Aliyetujia ni mpwa wetu, binti wa dada yetu, mjane mwenye watoto 3. Eda yake ilipokwisha, hakutaka kukaa akingoja mkono wa mtu. Alianza kupika vileja, visheti na kashata nyumbani kwake Mji wa Kale, akiuza mlangoni kwa sinia moja. Kijana mmoja wa jirani, fundi wa simu, akampa wazo la kupiga video fupi za mapishi yake na kuzitia katika mtandao mmoja wa video usiotoza kitu. Mpwa wetu ni mtu wa haya. Hakutaka uso wake uonekane wala sauti yake isikike. Basi video zile zilionyesha mikono yake tu, ikipima unga wa mchele, ikimimina samli, ikitwanga iliki. Na ili pasiwe kimya, yule kijana akaweka qasida nyuma ya picha. Ukurasa ulifunguliwa jioni moja, kwa simu ya kijana na kwa barua pepe ya kijana, kwani mpwa wetu hakuwa na yake.

Mwenyezi Mungu akatia baraka. Oda zikatoka Kisauni na Likoni, kisha Malindi na Lamu, kisha Eastleigh kule Nairobi. Maboksi yakawa yanapakiwa kwenye mabasi ya usiku. Karo za watoto zikalipwa kwa wakati, na kodi ya nyumba ikawa haidaiwi tena. Wateja walizoea kuandika watakacho chini ya video au katika kisanduku cha ujumbe cha ukurasa ule, kisha wakatuma arubuni kwa M-Pesa.

Katika siku hizo za neema ndipo alipotujia, baada ya swala ya Isha. Kijana alikuwa amemshauri alipie jina lake mwenyewe katika intaneti na afanyiwe tovuti ndogo, iwe na bei zake, nambari yake na mahali pa kuandikia oda.

"Mjomba, mwaonaje?" akatuuliza.

Tukamjibu kwa yakini ya mtu asiyejua, "Mwanangu, ya nini kununua maji na mvua yanyesha? Wateja unao, na hulipi hata senti. Pesa hizo ziweke kwa ajili ya watoto." Tukaongeza kuwa kulipia usichokihitaji kunakaribia israfu. Alitii, kama alivyolelewa kuwatii wakubwa.

Ishara ya kwanza ilitujia sisi wenyewe, nasi tukaipuuza. Jioni moja tulikuwa sebuleni na wajukuu, tukitaka kuwaonyesha video mpya ya shangazi yao. Kabla ya mikono ile tunayoijua kuonekana, likatangulia tangazo la kamari. Kijana mwenye kicheko kipana alikuwa akiwaita watu waweke dau. Wajukuu wakatutazama, nasi tukatazama chini. Mpwa wetu hakuliweka tangazo lile, hakuulizwa, wala hakulipwa kwalo. Lakini mtazamaji asiyemjua angedhani ni yake, kwa kuwa limesimama mlangoni pake.

Tulidhani ni hitilafu ya siku moja. Baadaye tukafahamu kuwa ndivyo mitandao hii ilivyo. YouTube, ambayo ndiyo kubwa ya aina yake, ilitangaza Novemba 2020 kuwa ina haki ya kuweka matangazo hata katika video za watu wasiogawiwa mapato yoyote ya matangazo hayo. Sharti hilo lilianzia Marekani, na mwaka 2021 likafika nchi nyingine. Si siri wala si wizi, kwani limeandikwa katika masharti ambayo kila anayefungua ukurasa hubonyeza kuwa ameyakubali. Sisi ambao tumefundisha miaka mingi kuwa mkataba husomwa kabla ya kutiwa saini, hatukuwahi kuyasoma. Na tunakiri kuwa hatukumuuliza mpwa wetu kama yeye aliyasoma.

Usiku wa kuamkia mwezi 21 Ramadhani, ukurasa ule ukatoweka. Mpwa wetu aliufungua baada ya futari ili ahesabu oda za Idi, akakuta maandishi mafupi tu ya kwamba ukurasa haupo. Video zote zilikuwa zimeondoka, na oda zote, na majina na maneno ya wateja wa karibu miaka 2. Katika simu yake zilibaki video 4 tu, kwani kila ilipokuwa ikijaa alikuwa akizifuta, akiamini kuwa kule zilikowekwa ziko salama.

Hapo watu 41 walikuwa wamekwisha kutuma arubuni. Pesa zilikuwa zimeingia na sehemu kubwa imekwisha kununua samli, sukari na mikebe. Aliyelipa alimjua kwa jina la M-Pesa, lakini nani alitaka vileja na nani visheti, mikebe mingapi, na ipelekwe wapi, hayo yote yalikuwa ndani ya ukurasa uliotoweka. Nao wateja hawakuwa na njia nyingine ya kumpata. Wengi walijua jina la ukurasa tu; nambari ya simu waliitumia mara moja kutuma pesa na hawakuihifadhi.

Siku ya pili maneno yakaanza katika makundi ya WhatsApp ya kina mama, kwamba amefunga ukurasa na amekimbia na pesa za Idi. Baada ya Tarawehe, mzee mmoja tunayeheshimiana naye alitushika mkono, akatuvuta kando karibu na viatu. "Sheikh," akasema kwa sauti ya chini, "mke wangu alituma pesa kwa mpwa wako, na ukurasa umeondoka. Watu wasema amekimbia nazo. Mimi sisemi hivyo, lakini watu wasema." Tumekaa kwenye mimbari miaka mingi tukizungumza juu ya amana, na usiku ule hatukuwa na jibu.

Tulitafuta chanzo. Yule kijana fundi wa simu alikuwa amesafiri kwenda Doha kutafuta riziki, kama wanavyokwenda vijana wetu wengi. Alipopatikana, alifungua barua pepe yake ya zamani, ile aliyofungulia ukurasa, na ndani yake akakuta maonyo zaidi ya moja ambayo hayakusomwa na mtu. Wenye haki ya zile qasida walikuwa wamelalamika kuwa sauti zao zinatumiwa bila idhini. Onyo lilikuja, likafuatwa na jingine, na mwisho ukaja uamuzi. Kijana wa watu akaandika kuomba radhi na kueleza. Jibu alilopata lilikuwa la mistari michache, halina jina la aliyeliandika, nalo lilisema kuwa uamuzi haubadiliki. Hapakuwa na afisi ya kwenda kubisha hodi, wala mtu wa kumwambia kuwa huyu ni mjane na hii ni wiki ya mwisho ya Ramadhani.

Hatuandiki haya kuulaumu mtandao ule. Kosa la kutumia sauti za watu lilikuwa letu. Wengi wetu hudhani kuwa qasida, kwa kuwa inamsifu Mtume (s.a.w.), haina mwenyewe. Ina mwenyewe. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait, Disemba 1988, lilipitisha kuwa haki za utunzi na ubunifu ni haki zinazolindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Lau tungalimuuliza mpwa wetu swali moja tu juu ya sauti zile, tungalimwokoa. Sisi tuliuliza juu ya pesa alizotaka kutumia tu.

Katika usiku zile tulikumbuka mlango mmoja tuliosomeshwa ujanani katika Minhaji ya Imam Nawawi, mlango wa ariya, yaani kitu kilichoazimwa. Kanuni yake katika madhehebu yetu ya Shafii ni nyepesi. Mwenye mali aweza kukitaka chake wakati wowote, na aliyeazimwa aweza kukirudisha wakati wowote. Wanavyuoni wakataja hali chache ambazo mwenye mali hana ruhusa ya kurejea, na mojawapo ni ardhi aliyoiazimisha azikwe maiti. Hiyo haitwai mpaka athari ya maiti ile iishe. Tuliisoma kanuni ile tukiwa watoto, tukaihifadhi kwa ajili ya mtihani, tukaisahau siku tuliyoihitaji. Mahusiano ya mtu na mtandao wa bure yana mkataba wake na si ariya kwa kila namna, na wenye elimu kutuzidi wanaweza kuyapambanua vizuri zaidi. Lakini kwa jambo hili moja yanafanana. Umepewa utumie, hukupewa umiliki.

Na sisi watu wa Mombasa tulipaswa kulifahamu hili kuliko wengine. Nani kati yetu hajui nyumba bila kiwanja? Majengo, Kisauni, Likoni, kuna familia zimekaa vizazi katika nyumba walizojenga kwa jasho lao, huku kila mwezi wakimlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Kuta ni zako, mlango ni wako, na udongo si wako. Mwenye ardhi akiuza, au akifa na warithi wakawa na shauri jingine, nyumba yako yageuka mzigo unaotakiwa uuondoe. Watu wanaoishi hivyo hawalali na hati za watoto na dhahabu za mama katika kuta zile bila ya kuwa na mahali pengine pa kukimbilia. Mpwa wetu alijenga nyumba nzuri juu ya kiwanja cha wenyewe, akaweka humo kila alichokuwa nacho, nasi ndio tuliomwambia kuwa hahitaji pengine.

Tena yeye alifungiwa kwa kosa. Wako waliofungiwa bila kosa lolote. Google ilikuwa na mtandao wake wa video kabla ya kuinunua YouTube mwaka 2006; mwaka 2011 ikawatangazia watu kuwa video walizoweka huko hazitaonyeshwa tena, na baada ya malalamiko ndipo zikahamishwa. Mtandao uitwao Blip ulifungwa Agosti 2015. Vine, uliopendwa sana na vijana kwa video za sekunde 6, ulianza mwaka 2013, na kufikia Januari 2017 ulikuwa umekwisha, ingawa mwenyewe ni kampuni kubwa ya Twitter. Aliyefanya biashara humo aliamka akakuta soko limevunjwa.

Na pengine anayefunga si mwenye mtandao. Tarehe 29 Juni 2020, wiki mbili baada ya wanajeshi wa India na China kupigana mpakani, serikali ya India ilipiga marufuku programu 59 za Kichina, na TikTok ikiwa mojawapo. Wauza nguo, wapishi na walimu wa ufundi waliokuwa na wafuasi kwa maelfu hawakuwa na hatia yoyote katika ugomvi wa mpakani, lakini milango yao ilifungwa. Hapa kwetu, Agosti 2023, Bunge la Taifa lilipokea ombi la kutaka TikTok ipigwe marufuku Kenya. Haikupigwa, lakini kila mama anayeuza huko angefaa kujiuliza siku ile angewapataje wateja wake kama ingepigwa. Na tarehe 4 Oktoba 2021, bila vita wala amri ya mtu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa muda wa saa 6 hivi kwa hitilafu ya kiufundi. Aliyekuwa na oda za harusi siku ile analikumbuka.

Turejee kwa mpwa wetu. Jambo lililomwokoa, baada ya Mwenyezi Mungu, lilikuwa la kizamani. Dada yetu alileta daftari la skuli la kurasa 96, tukakaa usiku 3 baada ya Tarawehe. Mpwa wetu akasoma jumbe za M-Pesa katika simu yake moja moja, mamaye akaandika jina, nambari na kiasi, nasi tukapiga simu. "Assalaamu alaykum, sisi ni jamaa wa yule dada wa vileja. Arubuni yako tumeiona. Je, ulitaka nini, na kikufikie wapi?" Wapo waliolia kwa furaha. Wapo waliotuuliza mara tatu kama kweli ni sisi. Mama mmoja wa Likoni alitukemea kwanza, kisha akaomba msamaha, kisha akaongeza oda.

Kwa simu tuliwapata watu 36. Wengine 4 walikuja wenyewe mlangoni baada ya kuona karatasi tuliyobandika hapo na katika lango la kina mama msikitini. Watu 9 walitaka pesa zao, nao walirudishiwa zote kabla ya Idi. Ili kuzirudisha, mpwa wetu aliuza bangili aliyopewa na marehemu mumewe. Tulimzuia, tukataka kulipa sisi kwa kuwa shauri lilikuwa letu. Akasema, "Mjomba, deni ni la mpishi." Sehemu tuliyoweza kuibeba aliikubali baada ya Idi, kwa shida.

Nazo fitina zilikwisha kwa njia hiyo hiyo ya daftari. Aliyepigiwa simu alimwambia jirani yake, na jirani akaandika katika kundi lile lile lililosema amekimbia. Katika Surat al-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, Mola wetu anatufunza kuandika madeni ya muda, madogo kwa makubwa, bila ya kuchoka. Sisi tumeifasiri aya ile mara nyingi. Hatukuwahi kuona kuwa inamhusu mama anayepokea oda ya mikebe 2 ya vileja kwa simu.

Kwa hivyo tunalifuta shauri letu la mwanzo, na badala yake tunatoa hili.

Kwanza, hatusemi mitandao ya video iachwe. Ni baraza pana, na anayeuza halali ana haki ya kukaa barazani akaita wapita njia. Lakini baraza si duka wala si sanduku la amana. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Imam Tirmidhi, alimwelekeza yule mtu wa ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah. Sisi tulikuwa tumemwacha ngamia katika zizi la watu, hajafungwa, tukaita hali ile tawakkul.

Pili, ukurasa ufunguliwe kwa barua pepe yako na nambari yako, na neno la siri ulijue wewe. Kijana akusaidie, lakini asiwe yeye ndiye mwenye ufunguo. Washa ulinzi wa hatua mbili, ule unaotuma nambari kwenye simu yako kabla ya kufungua, na mpe mtu mmoja mwaminifu wa nyumbani njia ya kuingia siku utakapougua au kusafiri. Barua pepe hiyo isomwe walau mara moja kwa wiki. Katika YouTube, kwa mfano, maonyo 3 ya haki miliki ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli, na mtu hawezi kujitetea kwa onyo asilolisoma.

Tatu, usitumie sauti wala picha ya mtu bila idhini yake. Tumia mlio wa sufuria yako, au maandishi, au umwombe mwanao asome maelezo kwa sauti yake. Mpwa wetu sasa hutumia mlio wa kinu tu, na watu wanaupenda.

Nne, kila video ihifadhiwe asili yake mahali pawili unapopamiliki, kama kadi ya kumbukumbu na diski ndogo iliyo kwa dada au kwa mama. Waliokwisha kupakia katika YouTube wanaweza kuzishusha kwa huduma ya Google iitwayo Takeout. Usiifute ya simu kwa kuwa ipo kule.

Tano, na hili ndilo kubwa, weka daftari la wateja. Jina, nambari, alichoagiza, alicholipa, siku ya kupeleka. Oda ikija kupitia video, isilale huko. Iandike siku hiyo hiyo. Na daftari hilo ni amana. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka mtu ajue kwa nini unachukua maelezo yake na uyatumie kwa jambo hilo. Dini yetu ilitangulia kututaka hivyo. Usimpe nambari ya mteja wako mtu mwingine wa biashara, hata akiwa shoga yako.

Sita, ukiwa na uwezo, lipia jina lako. Majina yanayoishia na .ke husajiliwa kupitia mawakala wa KENIC kwa ada ya kila mwaka. Hakikisha limesajiliwa kwa jina lako si la fundi, na ukumbuke kulihuisha, kwani hata hilo ukiliacha bila kulilipia laweza kuchukuliwa na mwingine. Hapo utaweka bei zako na nambari yako bila tangazo la kamari kusimama mbele. Asiye na uwezo huo asivunjike moyo. Nambari moja ya simu isiyobadilika, iliyoandikwa katika kila mkebe, ni mwanzo mzuri. Nasi tunaondoa neno israfu tulilolitumia. Anayelipia kufuli ya mlango wake hafanyi israfu.

Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wa mpwa wetu ulikuwa sinia la mlangoni na wateja wa mtaani wanaomjua kwa sura. Mwaka ule Idi ilipokwisha alilirudisha sinia mlangoni, na hajaliondoa tena, ingawa ana ukurasa mpya na tovuti yake ndogo. Asema sinia lile halijawahi kumwandikia kuwa halipo.

Tumebakisha jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tuliandike hili hapa badala ya kulisema darsani tu. Katika wale 41, watu 36 tuliwapigia simu na 4 walikuja. Amebaki mmoja. Pesa zake zilitumwa kupitia nambari ya mtu mwingine, na nambari hiyo tangu siku ile haipatikani. Tumeuliza tulikoweza kuuliza. Kiasi chake kimo ndani ya bahasha nyumbani kwa dada yetu, kimeandikwa tarehe, na mpwa wetu hajakigusa hata katika mwezi aliouza bangili.

Ewe dada unayesoma, ikiwa Ramadhani ile uliagiza vileja kwa Idi, ukatumiwa pesa na mkono wa mtu mwingine, na hukupata vileja wala jibu, basi tunakuomba radhi. Njoo, au mtume mtu kwetu baada ya darsa ya alasiri, ututajie kiasi ulichotuma na nambari iliyotumika. Arubuni yako ipo, na vileja vyako pia utavipata. Na ikiwa wakati ule ulisema kuwa amekimbia na pesa zako, hakukasiriki. Msamehe naye, na utusamehe sisi tuliomshauri.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.